Mkono Uliotoka Kwenye Pasi

Mkiwa, Jumanne alasiri

Mwanangu Anjela,

Watu wakiandika barua huanza kwa kuulizana hali. Hali yako mimi naijua. Mchana huu nimekuona ukimaliza ugali wa watu wawili, kisha ukamkamata jogoo, ukamtia kwapani, ukaondoka na kandambili zangu kwenda kumuaga bibi yako. Umesema utarudi kabla ya magharibi. Namjua mama yangu, hamwachii mtu mapema, kwa hiyo nina muda. Nimefunika cherehani, nimesogeza vitambaa pembeni, nimechana karatasi za katikati kwenye daftari la vipimo. Ukikuta nyuma ya ukurasa pameandikwa "kiuno 42", si siri yoyote, ni sketi ya kwaya ya mke wa mchungaji. Ila usimwambie.

Sitakuandikia habari za ndoo, kufuli na chandarua. Jirani yetu Mama Zuhura amezimaliza hizo tangu juzi, tena kwa sauti ile anayowaitia madereva wa malori wanunue kuku wake. Nadhani hata Itigi wanajua kwamba maji ya kunywa lazima uchemshe. Mimi nina jambo moja tu. Nimekaa nalo miaka kumi na tatu, na kila nikitaka kulisema unacheka na kuniambia, "Baba, yale yalishapita." Unasema haraka mno, ndiyo maana sijawahi kukuamini.

Kesho asubuhi basi la Rungwa litasimama hapa njia panda, utapanda na begi lako na barua yako ya ajira, na baada ya hapo utakuwa mwalimu wa watoto wa watu kule mwisho wa mkoa. Barua inasema mwisho wa kuripoti ni Ijumaa, lakini wewe unataka kufika Jumatano, hujawahi kuchelewa mahali. Nafurahi. Nimeringa mtaa mzima, wewe mwenyewe umenisikia. Lakini nikibaki peke yangu naogopa kitu kimoja: siku ukiumwa huko, sitajua. Si kwa sababu Rungwa ni mbali. Hata ukiwa chumba cha pili huwa huniambii. Mimi ndiye niliyekufundisha hivyo, na leo nataka nikueleze nilivyokufundisha.

Mama yako alifariki ukiwa na miaka minne. Watu walinihurumia, na ndani ya huruma ile kulikuwa na maneno yaliyonichoma: mwanamume ataweza wapi kulea mtoto wa kike, si ampeleke kwa bibi yake. Nikasema nitawaonyesha. Nilijifunza kukuogesha bila sabuni kukuingia machoni, nikajifunza kupika uji usio na madonge, na ulipoanza shule niliapa hutakosa hata siku moja. Unakumbuka siku ya kufunga shule mwisho wa mwaka, walivyokuwa wakiwataja watoto ambao hawakukosa darasa mwaka mzima, na wazazi wao wanasimama? Darasa la kwanza nilisimama. La pili nikasimama. La tatu nikasimama na koti nililolishona makusudi kwa ajili ya kusimama. Mwanamume peke yangu katikati ya akina mama, na kifua nimekitoa. Nilisema makofi yale ni yako, Anjela, lakini aliyekuwa akiyasubiri mwaka mzima ni mimi.

Basi kila uliposema kichwa kinauma, nilijibu unadeka. Tumbo, unadeka. Na ukweli ni kwamba mara nyingi ulikuwa unadeka kweli, maana Mama Zuhura akipita na maandazi ulipona palepale. Neno hilo likanizoea mdomoni. Kwa watu wengine wala si neno baya. Mtoto humdekea mtu anayempenda, hawezi kumdekea mpita njia. Lakini mimi nililitumia kumaliza mazungumzo, kisha nikaendelea kushona.

Ilikuwa wiki ya kwanza ya kufungua shule, wewe unaingia darasa la nne. Unajua Januari yangu ilivyo. Wazazi wote wa Mkiwa wanakumbuka sare siku moja, wanakuja wote siku moja, na kila mmoja anataka yake iwe imekwisha jana. Nilikuwa nimeamka alfajiri kupiga pasi marinda ya sketi. Ni ile pasi ya mkaa, yenye mpini ulioungua upande mmoja. Ukiishika saa nzima kiganja chote kinakuwa cha moto. Ukaja ukasimama mlangoni na soksi mkononi.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Mbona miguu mitupu?"

"Nasikia baridi."

"Baridi ya wapi, Januari hii? Sogea hapa."

Nikaiweka pasi juu ya kigae, nikakushika paji la uso. Nikaona umepoa, tena umepoa vizuri. Nikafurahi. Nikasema, "Huna homa wewe. Unadeka. Jikaze, vaa soksi, leo wanaita majina." Ukaniangalia kidogo, ukakaa chini juu ya vitambaa, ukavaa soksi moja, ukapumzika, ukavaa ya pili. Kule kupumzika kwako kati ya soksi na soksi nimekuona mara nyingi sana tangu siku ile. Wakati ule niliona unanichelewesha tu.

Saa nne Mwalimu Mkumbo, mwalimu wako wa darasa, akaja na bodaboda, wewe umebanwa katikati yake na dereva, kichwa kimelala. "Fundi, ameanguka mstarini," akasema. Muda huo nilikuwa nakata kitambaa, pasi imezimika kitambo. Nikakupokea, shavu lako likagusa kiganja changu, nikashtuka, kidogo nikuachie. Ulikuwa unawaka. Ndipo nikautazama mkono wangu. Mkono uliotoka kwenye pasi haupimi homa, mwanangu. Asubuhi ile hata ningeshika birika la chai ningeliona vuguvugu. Fundi mzima, napiga pasi tangu sijaoa, na jambo dogo kama hilo halikunijia.

Hilo la pasi unalijua. Nimelisimulia mara nyingi mpaka limekuwa kichekesho cha kijiweni, na wewe mwenyewe huwa unacheka. La pili sijamwambia mtu.

Pale zahanati nesi aliniuliza, "Homa imeanza lini?" Nikamjibu, "Imeanzia shuleni. Asubuhi alikuwa mzima kabisa, hakulalamika kitu." Hivyo hivyo nilisema, tena kwa sauti ya mtu mkweli. Mwalimu Mkumbo aligeuza uso akaanza kusoma bango la ukutani. Nadhani ulikuwa umeshamwambia njiani. Wewe ulikuwa umefumba macho. Walipokuona umeanza kuweweseka wakatupakia kwenye gari kwenda hospitali mjini Singida, wakisema malaria imepanda kichwani, na kwa daktari wa huko nikasema uongo ule ule. Niliogopa utakufa. Lakini kulikuwa na hofu nyingine ndogo, chafu, imejibanza pembeni ya ile kubwa: niliogopa watu watasema, mnaona, si tulisema mwanamume hawezi.

Siku ya tatu ulifumbua macho, mchana, mama wa kitanda cha jirani anamenya chungwa. Ulinitazama muda mrefu. Midomo ilikuwa imekauka. Ukasema, "Baba, mimi sikuwa nadeka."

Na mimi sikukujibu. Nilikurekebishia shuka. Nikakuuliza kama unataka chungwa. Ukageukia ukutani, ukalala tena, na nilishukuru kwamba umelala.

Basi neno langu ndilo hili, nakujibu leo: hukuwa unadeka. Uliniambia ukweli asubuhi na mapema, umesimama mbele yangu na soksi mkononi, mimi nikaukataa, halafu nikaenda kuwaambia watu kwamba hukusema chochote. Ulikuwa na miaka kumi, hukuwa na mtu mwingine wa kumwambia. Nisamehe, mwanangu. Ningependa kukuomba uso kwa uso, lakini najua utacheka kabla sijamaliza, na mimi nitashukuru kwamba umecheka, tutaishia hapo.

Uliporudi nyumbani nikageukia upande wa pili, maana mimi sina katikati, bibi yako huniambia hivyo tangu utoto. Ukikohoa, hakuna shule. Ukipiga chafya, rudi kitandani. Nilinunua kipimajoto nikawa nakuwekea asubuhi, mchana na jioni mpaka ukalalamika kwapa linawasha. Siku moja Mwalimu Mkumbo akaja akasimama hapa mezani.

"Fundi, Anjela anaumwa nini?"

"Mafua, Mwalimu."

"Mafua wiki ya pili hii? Nimemkuta hapo nyuma anaruka kamba. Ameniuliza kama wenzake wameshaanza kugawanya."

"Daktari alisema apumzike."

"Alisema apumzike siku ngapi?"

Alikuwa amesema siku tano. Nilijifanya natafuta sindano. Sasa hebu mfikirie Anjela yule. Akisema anaumwa, haaminiwi. Akiaminiwa, anafungiwa ndani. Kwa hiyo akanyamaza. Mimi nikaona mtoto haumwi tena, nikamwambia Mama Zuhura kwamba tangu ile malaria mwili wako umekuwa imara.

Darasa la saba ulilala siku mbili, ukasema tumbo. Nikakupeleka mbio zahanati, nikamwambia nesi nadhani ni taifodi. Nesi akaniomba nitoke nje. Baadaye akanifuata kwenye benchi, anajizuia kucheka. "Baba Anjela, mtoto amekua." Ilinichukua muda kumwelewa. Ulikuwa unakosa shule kwa sababu hukuwa na kitu cha kuvaa, na ulikuwa radhi kuchomwa sindano kuliko kuniambia. Nilimwomba Mama Zuhura azungumze nawe, mimi nikakaa kwenye cherehani. Nikakata flaneli laini, nikaweka tabaka nne, nikapinda ncha zisikukwaruze, nikashona mpaka jua likazama. Nikazikunja nikaziweka kitandani kwako. Kesho yake ulikwenda shule. Mwezi uliofuata ulikuja ukasimama karibu na meza, macho kwenye cherehani, ukasema, "Baba, hata Pili wa darasani kwetu anaziomba." Nilimshonea Pili, na wengine baada yake. Nimeshona masuti ya maharusi na majoho ya kwaya, lakini nikiulizwa kazi gani ninajivunia, ni hiyo, na siwezi kuitaja mbele za watu.

Baada ya hapo nikawa nafanya hivi asubuhi: nanawa kwanza maji ya mtungini, nasubiri mkono upoe, ndipo nakugusa. Lakini mkono hata ukipoa hausemi yote. Nikaanza kuangalia kama unabishana nami. Anjela mzima lazima abishe, hata juu ya chumvi. Anjela akikubali kila kitu, hapo kuna ugonjwa. Nimekosea bado. Kuna siku ulibaki nyumbani, saa tatu nikakuona unakimbiza vifaranga. Kuna siku ulikwenda, nikashinda nachungulia barabarani, sindano inatembea yenyewe. Sijapata njia isiyo na makosa, na sidhani iko. Nilichotamani ni kwamba ukizidiwa useme. Hukuwahi kusema. Hata lile jino la kidato cha pili, shavu lilivimba mpaka jicho likafunga, bado unaniambia ni mbu.

Halafu ukaenda chuo. Siku moja simu ikaita, namba siijui. "Shikamoo, Baba. Mimi ni Lightness, nakaa chumba kimoja na Anjela. Alilazwa, ametoka jana. Ila usimwambie nimekuambia." Nikapanda basi. Nilipofika getini ukaja unatabasamu, umekonda, na mgongoni mwa mkono una plasta pale walipochomeka dripu. "Baba! Umefuata nini huku? Mimi mzima." Nikasema nimefuata vifungo na zipu, huku ziko nzuri. Ukauficha mkono nyuma. Tukanywa soda, wewe umenidanganya, mimi nimekudanganya, tukaagana vizuri kabisa. Kwenye basi nililia, na jirani yangu wa kiti akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia hapana, nina mtoto mzima wa afya.

Sasa ni wewe utakayesimama mbele ya mstari. Watakuja watoto waliotembea kutoka mbali, na wengine watakuwa wameambiwa wajikaze. Mzazi atakaa mbele ya meza yako akudanganye, uso mkavu, kwamba asubuhi mtoto aliamka vizuri. Utamjua haraka, umeishi na mmoja. Mwalimu Mkumbo angeweza kuniumbua siku ile mbele ya nesi. Hakufanya hivyo. Alikaa nami kwenye benchi mpaka gari likaja, akaniletea chai ya rangi kwenye kikombe cha plastiki. Sikumshukuru, na alihamishwa kabla sijajua namna ya kumshukuru. Mimi sina la kukufundisha juu ya kazi yako. Nakuambia tu kwamba ulipokuwa mlangoni na soksi zako, ningekuuliza mara ya pili, ungenijibu. Ilikuwa ni kuuliza mara moja zaidi.

Nitakukumbuka sana. Nasema nitakukumbuka, lakini nimeanza tangu Jumapili ulipotandaza nguo kitandani na kuzikunja. Nakukumbuka unavyoimba ukiosha vyombo, kila wimbo unaujua nusu. Nakukumbuka unavyoniuliza kama nimekula hata kabla hujaniamkia, kisha unakumbuka na kurudi nyuma, "Ah, shikamoo." Nakukumbuka na bado kandambili zangu unazo miguuni. Juzi nimeshona mfuko wa shati ukawa ndani, mteja akadhani ni mtindo mpya. Nyumba hii ni vyumba viwili na bado naiona itanizidi.

Ukiumwa, nipigie. Hata mafua. Hata kama hujui ni nini. Sitakuja mbio na blanketi, naapa, au kama nitakuja nitauliza kwanza. Nataka tu niwe mtu unayeweza kumwambia. Hicho ndicho kitu ninachokitaka katika umri huu wangu, na sijui kama nimeshakipoteza moja kwa moja au

Niliishia hapo, ukaingia. Nilikunja karatasi nikazifunika kwa kitambaa, hukuziona. Jua lilikuwa bado halijazama, na hapo ningepaswa kujua kuna kitu, kwa sababu bibi yako hamwachii mtu mapema.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Bibi hajambo?"

"Hajambo. Anauliza utakwenda lini." Ukavua kandambili, ukakaa kwenye stuli ya wateja, pale wanapokaa wakisubiri kupimwa. Ukajiegemeza ukutani. Nikakwambia nitasonga ugali mwingine. Ukasema sawa. Nikasema nadhani sweta lile la bluu uliache. Ukasema sawa.

Nikasogeza kiti changu karibu nikusubiri. Sijawahi kusubiri kitu kwa shida namna ile.

"Baba," ukasema, "sijisikii vizuri."

"Wapi?"

"Sijui. Mwili tu. Labda ni jua, nimetembea sana. Labda ni mawazo ya safari."

"Tangu lini?"

"Tangu jana."

Tangu jana, na umeniambia leo. Anjela, kwako wewe hiyo ni haraka. Nilitamani kuinuka nicheze katikati ya vitambaa. Nilisema tu, "Basi kesho huendi. Tutapita zahanati asubuhi wakupime."

"Baba, nimeshampigia mwalimu mkuu."

"Utampigia tena. Mwisho ni Ijumaa."

"Na kama si kitu?"

"Kama si kitu utakuwa umelala siku moja nyumbani kwenu."

Ukanitazama, nikadhani utabisha. Hukubisha, ukaenda chumbani ukajilaza na nguo za safari zimekuzunguka. Nimempigia kondakta, nimemwambia abiria wake wa Mkiwa atasafiri keshokutwa. Ameuliza kuna nini. Nimemwambia binti yangu anaumwa, amesema mwenyewe. Hakuelewa kwa nini nilikuwa na furaha, na sikumweleza. Barua hii nitaitia kwenye begi Alhamisi.

Sasa unaniita. Unasema unataka chai, iwe ya maziwa, tangawizi isizidi, na si kwenye kikombe kile chenye ufa. Na niilete hukohuko, miguu imechoka. Unaita tena, unasema Baba, umesikia?

Nimesikia, mwanangu. Nakuja.

Baba yako